Umepiga Praima?

Mnamo Novemba 2018, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili mjini Nottingham, Uingereza, mwenzangu tuliyepanga naye nyumba alinipa askari watano wa plastiki, vijisanamu vya Warhammer, mchezo wa vita unaochezwa mezani, visivyozidi urefu wa kidole gumba, akaniambia nivipake rangi ili tucheze pamoja. Mji huo ndiyo makao makuu ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza mchezo wenyewe, na hapo niliwaona watu wazima wenye mvi wakijadiliana kuhusu aina za rangi nyekundu kwa makini ambayo kwetu Tanga huwekewa mahari.

Jumamosi niliingia dukani na pauni 40, nikawa kama mtu aliyeachiwa duka la vitenge. Nilichukua vikopo 12 vya rangi za Citadel, chapa ya kampuni hiyo hiyo, kila kimoja mililita 12, vikiwemo vyekundu vitatu ambavyo vilipokauka sikuweza kuvitofautisha. Kwa kuwa kitu chenyewe ni kidogo, nilichagua pia brashi nyembamba kuliko zote, kosa ambalo nadhani kila mgeni hulifanya, maana brashi ya namna hiyo hubeba rangi kidogo mno, nayo hukaukia nchani kabla haijafika inakokwenda.

Usiku huo rangi ilijikusanya juu ya plastiki kama maji juu ya jani la mgomba, na kila nilipopitisha brashi mara ya pili ilibeba ile ya kwanza. Nikaongeza rangi nzito zaidi, mpaka macho na mdomo wa askari vikafukiwa. Nilipomkwaruza kwa ukucha, uso mzima ulibanduka kama utando wa maziwa.

Kesho yake nilimpigia simu baba mdogo, ambaye amekuwa fundi rangi wa magari tangu sijazaliwa.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imepoa?”

Nilimweleza kwa aibu kwamba nimeshindwa kupaka rangi mwanasesere. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama nilikiosha kwa sabuni, kama nilikipiga msasa, na kama nilipiga praima, yaani rangi ya kwanza ya chini inayoifanya rangi yenyewe ishike. Yote matatu sikuyafanya, ingawa utoto wangu wote nilikuwa nikishinda gereji kwake.

“Sasa rangi ishike wapi?”

Akaniagiza pia niilainishe rangi kwa tina, dawa ya kuzimulia rangi za mafuta, na hapo tu ndipo nilipomkaidi, kwa sababu rangi zile ni za maji na tina ingeziharibu. Maji ya bomba yalitosha.

Jumatatu nilirudi dukani, nikabadilisha vikopo saba ambavyo sikuwa nimevifungua. Nilipewa kopo la praima ya kijivu ya kupuliza, chupa ya Nuln Oil, yaani rangi nyeusi nyepesi inayotiririkia kwenye mikunjo na kuacha kivuli, na, baada ya kuongeza pauni chache, brashi namba 1 ya manyoya halisi, nene kuliko ile ya kwanza lakini yenye ncha kali kama sindano. Sahani ya kuchanganyia rangi sikuinunua: nilitandika sponji iliyoloa ndani ya kopo la chakula, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi ikakaa mbichi jioni nzima.

Ilibidi nisubiri hadi Alhamisi mvua ikatike, kwa kuwa praima ikipulizwa kwenye unyevunyevu hukauka na chengachenga kama mchanga. Niliwaosha askari, nikawapulizia praima kutoka umbali wa rula moja, kisha nikapaka nyekundu iliyolainishwa, tabaka mbili nyembamba. Safari hii macho yalionekana.

Nilimtumia baba mdogo picha kwa WhatsApp, nikingoja sifa. Alikaa kimya karibu saa nzima, kisha likaja jibu: “Bega la kushoto rangi imechuruzika.” Nikachukua kioo cha kukuzia, nikatazama. Kweli ilikuwa imechuruzika.