Daktari Aliyeniuliza Mimi

Daktari aliyeniita hakuwa daktari wa mdogo wangu. Alilisema hilo kabla hata hajaketi. "Mgonjwa wangu hapa ni wewe," aliniambia. "Mdogo wako sijawahi kumtibu, wala sitamtibu." Nilikuwa na miaka 13. Baba na mama waliombwa wasubiri nje, mlango ukafungwa, nikabaki naye. Tangu saratani ya damu iingie nyumbani kwetu, sikumbuki daktari yeyote mwingine aliyekuwa amekaa kunitazama mimi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 5. Ugonjwa ulijitokeza kwa michubuko miguuni ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi, kisha homa, kisha uchovu wa mtoto ambaye zamani hakutulia hata akiwa usingizini. Wakaiita lukemia ya limfoblasti, aina ya saratani inayoongoza kwa watoto, na wakatuambia kwamba watoto wengi wanaopata tiba kamili wanapona. Alipewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, nywele zikatoka, zikaota tena. Halafu, dawa zikiwa bado hazijamalizika, vipimo vikaonyesha ugonjwa umerudi. Lukemia inayorudi mapema namna hiyo ni sugu. Madaktari walisema kemo peke yake haitatosha: itabidi uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, uteketezwe wote, apandikizwe wa mtu mwingine.

Tukapimwa sisi watoto, ionekane ni nani ambaye alama zake za kinga, zile ambazo mwili hutumia kutambua chembe zake na za mgeni, zinalingana na za mdogo wetu. Kila mtoto hurithi nusu ya alama hizo za kinga kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Dada yetu mkubwa ndiye aliyeomba apimwe wa kwanza. Ndiye aliyekuwa akilala na mdogo wetu, akimbembeleza usiku, akijua dawa ipi anaimeza vizuri na ipi anaitema. Majibu yalipokuja, dada hakulingana hata kidogo. Mimi nililingana kwa kila alama. Dada aliingia chumbani akajifungia, na alipotoka alinishika mabega akaniambia, "Basi wewe ujitunze, usije ukaugua." Hakusema zaidi, na sikuwahi kumsikia akililalamikia jambo hilo mpaka leo.

Narudi kwenye kile chumba. Daktari alichukua karatasi akachora mifupa ya nyonga, akaweka nukta mbili upande wa nyuma, juu ya makalio. Akanieleza kwamba nitapewa nusu kaputi, nitalazwa kifudifudi, na sindano nene itapita kwenye hizo nukta, iingie mfupani na kuvuta uboho kidogo kidogo, mara nyingi. Nitakapoamka nitaumwa kiuno kwa siku kadhaa. Mwili wangu utaurudisha uboho uliotoka ndani ya wiki chache. Hatari kubwa zaidi kwangu ni ile ya dawa ya usingizi yenyewe, akasema. Ni ndogo, lakini ipo, na hatanificha.

Kisha akauliza: "Wewe unataka?"

Ni swali jepesi kulitamka. Lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza. Siku majibu yalipotoka mama alinikumbatia akalia, baba akamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakaanza kuniita mwokozi wa mdogo wangu. Wote walikuwa wameshalijibu kwa niaba yangu, na siwalaumu, kwa kuwa mtoto wao alikuwa anakufa. Nilichokuwa nacho ni hofu ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Nikamuuliza daktari: na nikisema hapana?

Alijibu bila kusita. "Nitawaambia wenzangu na wazazi wako kwamba hufai kuchangia. Sababu haitatajwa, leo wala kesho. Itabaki humu." Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo naamini kila mtoto aliyewekwa kwenye kiti kile ana haki ya kulisikia. Wiki itakayofuata mdogo wangu angeanza mionzi ya mwili mzima na dawa kali za kuua uboho wake wote. Zikishaanza hakuna kurudi nyuma, kwa sababu bila uboho wa mtu mwingine hawezi kuishi. "Kwa hiyo kama kuna hapana ndani yako," akasema, "leo ndiyo siku yake. Baada ya hapo nitakuwa nimekuchelewesha."

Nilimuuliza kile nilichokuwa nakiogopa kweli, ambacho hakikuwa sindano. Akifa baada ya kupewa uboho wangu, je, mimi ndiye nitakuwa nimemuua?

Hakunipiga bega kuniambia nisiwaze hivyo. Alinieleza yanayoweza kutokea. Uboho unaweza usishike. Saratani inaweza kurudi hata ukishika. Na kuna ugonjwa ambao chembe za mchangiaji, zikishakaa kwenye mwili mpya, huuona mwili huo kuwa mgeni na kuanza kuushambulia: ngozi, matumbo, ini. Alisema chembe hizo zitakuwa zimetoka kwangu, lakini hazifuati nia yangu. Hazijui kwamba nampenda wala kwamba niliwahi kugombana naye. "Utakachokuwa umefanya wewe ni kutoa," alisema. "Yanayofuata ni kazi yetu na ya mwili wake."

Niliomba kurudi nyumbani nikalale. Akakubali. Kesho yake nilisema ndiyo, na ilikuwa ndiyo yangu mwenyewe.

Siku za mionzi sikuziona. Nilisimuliwa na mama. Mtoto hulazwa peke yake kwenye chumba chenye kuta nene, na kila mtu mwingine lazima atoke. Mama alikaa upande wa pili akimsimulia hadithi kupitia kipaza sauti, macho kwenye skrini, na mdogo wangu alitulia kabisa ili asikose hata neno. Mama anasema hajawahi kusimulia hadithi kwa uangalifu namna ile, kwa maana sauti ikitetemeka tu, mtoto angejua.

Siku yenyewe, hospitalini huiita siku sifuri. Zilizotangulia huhesabiwa kwa kutoa na zinazofuata kwa kujumlisha, kana kwamba mtoto anazaliwa upya. Nilipelekwa chumba cha upasuaji asubuhi, tumbo tupu. Yule daktari wangu alikuwepo. Alitembea kando ya kitanda mpaka mlangoni, akaniuliza tena kwa sauti ya chini kama niko salama moyoni. Nikatikisa kichwa kukubali. Baada ya hapo nakumbuka barakoa ya plastiki na mtu akiniambia nivute pumzi.

Nilipoamka kiuno kilikuwa kizito na kooni kumekauka. Baba alikuwa ameketi karibu na kitanda, mkono wake juu ya mguu wangu. Alikuwa na watoto wawili katika vyumba viwili tofauti na kwa mara ya kwanza yeye na mama waligawana: mama kwa mdogo, yeye kwangu. Nilimwambia aende akamwone mdogo. "Yuko na mama yake," alisema. "Leo wewe una baba." Alikaa pale mpaka nikasinzia tena. Ikiwa kuna kitu kimoja nilichopata kutokana na ugonjwa ule, ni ile alasiri.

Jioni waliniruhusu niende kumwona kwa kiti cha magurudumu. Kuingia chumba cha kutengwa kulikuwa na taratibu zake: kunawa mikono mpaka kwenye viwiko, joho, barakoa, na mlango wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Hewa ya ndani huchujwa, kwa sababu mtoto asiye na chembe nyeupe za damu anaweza kuuawa na ukungu ambao sisi tunauvuta kila siku bila kujua.

Nilitarajia mashine kubwa, pengine upasuaji. Kumbe upandikizaji wa uboho ukiutazama kwa macho ni mfuko tu unaoning'inia kwenye dripu. Mfuko wenyewe ulikuwa mdogo, mwekundu wa giza, na kimiminika kilikuwa kinashuka taratibu kupitia mpira uliokuwa kifuani mwake. Muuguzi alikuwa hapo muda wote akipima joto, presha na mapigo ya moyo. Hakuna anayezielekeza chembe mahali pa kwenda. Zinaingia kwenye damu, zinazunguka, kisha zenyewe zinaitafuta njia ya kuingia mifupani.

Mdogo wangu alikuwa amekonda, kichwa hakina nywele, ngozi imekuwa nyeusi zaidi kwa mionzi. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi.

"Kaka, hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Ilikuuma?"

"Nilikuwa nimelala. Sasa hivi ndiyo inauma."

Akafikiri. "Sasa mimi nitakuwa mvulana?"

Muuguzi ndiye aliyemjibu, tena kwa heshima zote, kama anayemjibu mtu mzima. Alimwambia atabaki msichana, nywele zake zitaota, sura itabaki yake, ila damu itakayotengenezwa mifupani mwake itakuwa na alama za kaka yake, na mtu akiipima chini ya hadubini atadhani ni ya mvulana. Hata kundi la damu lingebadilika: yeye alikuwa A, mimi O, naye angekuwa O. Mdogo wangu alionekana kuridhika. Akapitisha kidole kwenye mpira, ile sehemu nyekundu, akasema, "Haya, ingia." Aliuambia uboho, au aliniambia mimi.

Kungoja ndiko kulikokuwa kubaya, na sitakusimulia kwa urefu kwa sababu wengi wenu mmekujua kwa njia zenu. Vidonda vilijaa mdomoni mpaka kooni, akashindwa kumeza hata mate, akawekewa mofini, dawa kali ya maumivu. Kila asubuhi tulisubiri namba moja: chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zile zinazoitwa nyutrofili. Uboho huhesabiwa kuwa umeshika zikifika 500 kwa kila mikrolita ya damu kwa siku tatu mfululizo. Asubuhi nyingi namba ilikuwa sifuri. Kisha ikawa kitu kidogo sana, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Siku mama alipopiga simu kusema imeshika, dada ndiye aliyepokea, na alilia mpaka nikadhani tumefiwa.

Baadaye ngozi ya viganja na nyayo zake iliwaka nyekundu, ikaanza kubambuka. Chembe zangu zilikuwa zimeanza kumshambulia. Nilikumbuka kila neno la kwenye kile chumba, na nadhani ni hayo tu yaliyonizuia nisiporomoke. Wakampa dawa za kutuliza kinga, ngozi ikapoa polepole. Mmoja wa madaktari alituambia kwamba mashambulizi kidogo yana faida, maana chembe hizo hizo huziwinda na chembe za saratani zilizojificha. Sikutaka faida hiyo wakati ule. Nilitaka viganja vyake viache kuuma.

Nimekuwa mtu mzima nimesoma tulivyofikia hapo. Jean Dausset alianza kuzieleza alama hizo za kinga mwaka 1958, na E. Donnall Thomas, aliyetumia miaka mingi kujaribu kupandikiza uboho wakati wagonjwa wake wengi wa mwanzo walikufa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Nasoma majina hayo kwa shukrani ya mtu aliyekula matunda yao. Lakini maandishi yaliyonigusa zaidi hayahusu maabara. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu watoto wanaochangia uboho, kikataka kila mtoto wa aina hiyo awe na mtetezi wake, mtu asiyemtibu ndugu yake mgonjwa. Niliposoma niliweka karatasi chini nikatoka kutembea. Nilikuwa nimepewa jambo hilo bila kujua kwamba wapo watoto ambao hawakupewa, waliobebwa mpaka chumba cha upasuaji huku kila mtu akiwapongeza. Wapo pia waliotoa na ndugu zao wakafa, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba chembe hazifuati nia. Nawafikiria sana hao kuliko ninavyojifikiria mimi.

Mdogo wangu yupo. Anameza kidonge cha tezi ya shingo kila siku na moyo wake huchunguzwa mara kwa mara. Mionzi ile haikupita bure. Na kwa kuwa uboho mpya hauna kumbukumbu ya chanjo za zamani, alitakiwa kuchanjwa upya karibu zote, kuanzia zile za watoto wachanga. Kwa hiyo akiwa na miaka 7, kimo kimeshaanza kurefuka, alikaa kwenye foleni katikati ya akina mama walionyonyesha. Mama alikuwa kazini, nikampeleka mimi. Zamu ilipomfikia aliukunja mkono wa gauni mwenyewe, akaniuliza kama itauma. Nikamwambia ndiyo, kidogo, na kwamba akitaka tungoje kwanza tunaweza kungoja. Akasema hataki kungoja.