Nilivyochagua spea za injini ndogo ya turbo

Gari lenyewe ni Toyota Starlet EP91, lililoingia Uganda likiwa na injini ya 4E-FE isiyo na turbo. Siku za kazi huliendesha kati ya Bombo na Kampala, na mara kwa mara hupanda nalo hadi Arua kwa wazazi, safari ya karibu kilomita 500 ambayo ukiharibikiwa baada ya Karuma utajua mwenyewe. Kwa hiyo nilipoamua kuliwekea turbo, yaani pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, sharti langu lilikuwa moja: kila spea iweze kufika Arua na kurudi, kwa petroli ya kituo chochote, jua la saa nane likiwaka. Mambo ya nguvu za farasi niliyaweka nyuma.

Vijana wengi hapa huanza na turbo. Wananunua ile iliyong'olewa kwenye Subaru Forester kwa sababu imejaa mjini, wanachomelea manifoldi ya ekzosi kwa mafundi wa Katwe, wanaifunga kwenye 4E-FE ile ile. Gari linakimbia, sikatai. Lakini 4E-FE ina mgandamizo wa 9.6 kwa 1, yaani pistoni hubana hewa mpaka ujazo wake upungue mara 9.6. Hewa ikishasukumwa na turbo halafu ikagandamizwa tena kwa kiasi hicho, joto lake linapanda mpaka mchanganyiko ndani ya silinda unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia wote. Hapo ndipo injini inapogonga, na ikigonga ukiwa umekanyaga mafuta, kingo za pistoni kati ya ringi hupasuka. Unaweza kurudisha nyuma taimingi, yaani kuchelewesha cheche ya plagi, au kuweka gasketi nene, ila hapo unamkaba mtu koo kwa mkono mmoja na kumsukuma akimbie kwa mwingine.

Nikaamua kutafuta 4E-FTE, ndugu yake yenye turbo ya kiwandani, iliyokuja kwenye Starlet GT na baadaye Glanza V. Ujazo ni ule ule wa sentimita za ujazo 1331, lakini mgandamizo uko chini ya 9, konrodi zinazounganisha pistoni na kranki ni imara zaidi, na Toyota waliitangaza kwa nguvu za farasi 135. Injini iliyoundwa na mtu aliyejua itafungwa turbo ina mambo mengi madogo ambayo mimi na fundi wangu tusingeyakumbuka yote.

Shida ni kuipata. Tangu sheria ya 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliingizwi tena Uganda, na Starlet za mwisho zilitoka kiwandani 1999. Kwa hiyo Glanza nzima ya kuagiza ni ndoto. Injini za mtumba bado zipo Kisekka, soko la spea la Kampala, ukiwa na subira na ukijua kuangalia. Muuzaji niliyempata alikulia Arua, basi tuliongea Kiswahili.

"Kaka, hii ni safi kabisa, imetoka Japani juzi."

"Nakuamini, ndugu yangu. Naomba tu nitoe plagi nne na hosi ya turbo."

Plagi zilikuwa na rangi moja zote nne, kahawia hafifu, na hilo lilinipa moyo kuliko maneno yoyote. Kranki ilizunguka kwa mkono bila kukwama. Kisha nikashika ekseli ya turbo. Kuchezacheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida kwa turbo ya bushi, kwa sababu bushi zake huelea juu ya oili. Kinachotisha ni ikicheza kwenda mbele na nyuma, au pangaboi likiwa limekwaruza nyumba yake. Ya kwangu haikuwa na mkwaruzo. Oili kidogo ndani ya bomba la kwenda intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, nilisamehe. Giaboksi yake niliinunua hapo hapo, kwa kuwa ile ya Starlet ya kawaida ni dhaifu zaidi, na kuitafuta peke yake baadaye ni mateso.

Sikuifunga kama ilivyokuja. Niliipeleka kwa mzee mmoja wa leidhi, mtu wa heshima, ambaye alitaka kutanua silinda mara moja.

"Mwanangu, tutanue tu, tuweke pistoni za ovasaizi. Wote wanafanya hivyo."

"Sawa, Mzee. Ila naomba tupime kwanza. Ikivuka kikomo, tanua."

Akapima kila silinda juu, katikati na chini, kisha akageuza kipimo akapima tena upande wa pili. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 74, na uchakavu haukufika kikomo. Basi tulipitisha tu honi, kile kifaa cha kusugua silinda, ili ukuta wa silinda ushike oili, tukabaki na pistoni za kiwandani.

Watu hunishangaa hapo. "Injini ya turbo bila pistoni za fojidi?" Naam. Pistoni ya fojidi, yaani ya alumini iliyofuliwa, huvumilia makosa ya presha kubwa kuliko ile ya kumiminwa. Lakini zile imara zaidi hutanuka sana zikipata moto, hivyo fundi huacha nafasi kubwa kati ya pistoni na silinda. Asubuhi injini ikiwa baridi pistoni inagongagonga ukutani, na ukiwa mtu wa safari fupi fupi za mjini, uchakavu unaongezeka. Kwa presha ninayotumia mimi, pistoni ya kiwandani yenye afya inatosha. Pesa ya fojidi niliihamishia kwenye ringi mpya, beringi mpya za kranki na konrodi, oili pampu mpya, na bolti mpya za hedi. Mwanya wa ringi ya juu tuliupanga milimita 0.37, kwa kanuni ya mafundi wengi wa turbo ya mtaani: kipenyo cha silinda mara 0.005. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto ncha zake zinakutana, inabana, na inavunja pistoni. Hakuna fojidi itakayokuokoa hapo.

Gasketi ya hedi ilinipa mawazo. Ile ya chuma cha tabaka nyingi ndiyo inayosifiwa, lakini inadai uso wa bloku na wa hedi uwe laini kama kioo. Kama mashine ya kuparuza haijatoa uso huo, inavuja maji. Mzee aliniambia wazi kwamba mashine yake haifiki huko, na nilimheshimu zaidi kwa kusema hivyo. Nikachukua gasketi ya aina ile ile iliyotoka kiwandani.

Sasa turbo. Ile ya 4E-FTE inaitwa CT9. Ni ndogo na ina ngazi mbili za presha: karibu baa 0.4 (baa ni kipimo cha presha) na karibu baa 0.65. Wengi huitupa. Mimi niliibakiza, na sababu yangu kubwa ni mlima tunaoishi juu yake bila kuuona.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mombasa hewa ya kawaida ina presha ya karibu baa 1.01; hapa kwetu ni karibu 0.88. Geji ya turbo ikisoma 0.65 Mombasa, ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa kuna jumla ya 1.66. Ikisoma 0.65 hapa, jumla ni 1.53. Gari linahisi limepungukiwa, na mwenye gari anaongeza. Ili kurudi kwenye 1.66 ile ile atahitaji 0.78 kwenye geji, na hapo turbo inaizidisha presha ya hewa mara 1.89 badala ya mara 1.64. Pangaboi dogo likilazimishwa kufanya hivyo linazunguka kasi kupita raha yake na kutoa hewa ya moto. La kuudhi ni kwamba kompyuta ya injini haitakuonya. Sensa yake inapima presha kamili, inaona 1.66 kama ilivyozoea Japani, na inaridhika wakati turbo inaungua. Kwa Kabale, ambako ni juu zaidi, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo niliamua kukubali presha ya 0.65 ya hapa kwetu na nguvu pungufu kidogo inayokuja nayo. Turbo ya Forester ingetoa hewa ya baridi zaidi kwa presha hiyo hiyo, hilo ni kweli, lakini kwa injini ndogo hivi ingechelewa kuamka, na mimi hupita malori kwenye gia ya tatu, si kwenye mbio za Busiika. CT9 nilibadilisha bushi na sili, na nikaweka bomba jipya la oili. Bomba la zamani huwa limeziba ndani kwa oili iliyoungua, na turbo nyingi zinazosemekana "zimekufa zenyewe" zimeuawa na bomba hilo.

Kompyuta ni ya kiwandani. Presha ikizidi kikomo inakata petroli, nami naiona kama mlinzi mzuri. Kuna kifaa kidogo kinachouzwa ili kuidanganya sensa isiripoti presha kubwa. Fundi wangu alinishauri nikiweke "kwa ajili ya baadaye". Nilimwambia baadaye yangu haina presha hiyo.

Upande wa petroli nilitoa pesa bila kusita. Injekta zilisafishwa na kupimwa zote nne kwa pamoja, kwa sababu moja ikitoa kidogo kuliko wenzake, silinda yake inakosa petroli na ndiyo itakayoyeyuka. Pampu niliweka mpya, nikapima presha yake kwa geji gari likiwa chini ya mzigo, maana pampu bandia hupita mtihani ukiwa umesimama na kuanguka ukipanda mlima. Niliongeza pia geji ya uwiano wa hewa na petroli. Ukiwa umekanyaga, nataka ioneshe kati ya 11.5 na 12. Ikienda kuelekea 13, petroli imepungua, naachia. Plagi ni NGK zenye namba moja juu, yaani za baridi zaidi, na mwanya nimeupunguza hadi milimita 0.7.

Rejeta ni ya alumini, nene kuliko ya zamani, na feni mpya. Na themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejetani mpaka injini ipate moto, ipo! Hapa Kampala ukimpelekea fundi gari linalochemsha, jambo la kwanza ni kuing'oa themostati na kuitupa. Injini isiyofikia joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga petroli ya ziada, petroli inaosha oili ukutani mwa silinda, ringi zinakwisha. Kama gari linachemsha, tatizo liko rejetani, kwenye feni, kwenye pampu ya maji au kwenye gasketi.

Filta ya hewa nimeacha boksi la kiwandani. Zile za koni zilizo wazi zinapiga mluzi mtamu, lakini zinavuta hewa ya moto kutoka juu ya injini na vumbi jekundu la barabara za murramu, na vumbi hilo ni msasa tosha kwa pangaboi la turbo. Breki za mbele ni za Glanza. Klachi ni mpya, ya kawaida.

Tangu lifungwe, gari limeshakwenda Arua na kurudi, likiwa na mama na magunia ya mihogo nyuma. Kwenye mwinuko baada ya daraja la Karuma geji ya joto haikutikisika. Kitu ninachokiangalia kwa sasa ni intakula, kwani ile ya kiwandani imekaa juu ya injini, na kwenye foleni ya Bwaise inapata joto kama injini yenyewe. Nimeshapata ya mbele inayotosha, lakini kabla sijaifunga lazima nijue kama itaizuia hewa isifike kwenye rejeta. Ikiizuia, itabaki dukani.