Pijo 404: fenda ya kushoto imerudi kwenye chuma

Jumamosi

Leo bajaji imeniingia ubavuni. Ilikuwa Magomeni Mapipa, foleni imesimama, kijana akajipenyeza kushoto kama wanavyojipenyeza wote. Mbele yake akakatiza mama mwenye beseni la maandazi. Kumkwepa, akaja kwangu. Mama mzima, maandazi mazima, kijana mzima. Fenda ya mbele kushoto imebonyea nyuma ya taa, ringi ya taa imepinda, kioo kimepasuka, na ncha ya bampa imeingia ndani. Rejeta haivuji, tairi halikwaruzi popote, nimerudi nyumbani kwa gari lenyewe.

Bajaji si ya kijana. Jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Tukakubaliana hapohapo alipie kioo cha taa na ufundi wa kunyoosha, kidogokidogo. "Mzee, hili la mwaka gani?" akaniuliza. Nikamwambia 1967. Akaguna tu, sijui kwa heshima au kwa hofu ya bei za spea.

Kwa asiyelijua: Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia. Injini ya langu ni ya 1,618 cc, imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini, na gia iko kwenye usukani. Huku kwetu jina lake lilikua kwenye Safari Rally, ambako 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Ndiyo sababu nilipoliona la 1967 linauzwa sikubishana sana na bei.

Jumapili, gereji ya Ilala

Fundi wangu wa bodi ni mzee ambaye gereji nzima inamwita Babu, pamoja na wateja waliomzidi umri. Kabla ya kugusa nyundo alifungua boneti, akavuta uzi kutoka kona hadi kona, kushoto na kulia, akalinganisha. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kama bati la ndani limesogea, fenda ikinyooshwa vipi haitakaa. Uzi ukalingana. Tukashusha pumzi.

Uzuri wa 404 ni kwamba fenda za mbele zimefungwa kwa boliti. Ubaya ni kwamba boliti zenyewe hazijafunguliwa tangu zama zile. Tulizilowesha kwa dizeli usiku kucha. Nyingi zikatii, mbili zikakatika. Ilipotoka fenda, Babu aliigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mbele kurudi nyuma. Ngo, ngo, ngo, halafu *dup*. Akacheka. Akachukua patasi, akaitia pale penye mpasuko mdogo wa rangi, akapiga mara moja. Likadondoka pande la puti, ule ujazio wa kuficha mabonde ya bati, nene kuliko kiganja changu, limeshika umbo la fenda vizuri kabisa. Ukiliangalia kwa ubavu unasoma historia ya gari: krimu ya sasa, chini yake bluu, chini yake krimu nyingine, kisha puti ya kijivu, kisha puti ya pinki, kisha kutu.

Maana yake fenda hii iliwahi kugongwa vibaya zaidi, na mtu badala ya kuinyoosha akaisiliba. Maji yakapata njia nyuma ya puti, wakati upande wa ndani tope la tairi limejazana na kushika unyevu. Tundu la kutu upande wa chini linapitisha vidole vitatu. Hilo si deni la kijana wa bajaji, na nimempigia kumwambia hivyo, maana watu wa gereji walishaanza kumtajia hesabu ya fenda nzima.

Wiki ya nyundo

Kijana msaidizi alishauri tuchongeshe fenda ya faiba, nyepesi, haishiki kutu, siku mbili imekwisha. Babu hakumjibu. Mimi nilijibu: hapana. Faiba ni nzuri kwa boti. Gari la chuma nalitaka la chuma, na bati la miaka ile lina nyama ya kutosha kustahimili nyundo.

Kazi yenyewe inakwenda kinyumenyume cha ajali. Pale palipobonyea mwisho ndipo panapoinuliwa kwanza, kutoka ukingoni kuja katikati. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma nyuma ya bati, wa kulia unapiga nyundo ndogo nyepesinyepesi, na kila baada ya mapigo kadhaa Babu anafumba macho na kupitisha kiganja. Anasema macho yanadanganywa na mwanga.

Sehemu moja ilikataa. Bati lilikuwa limetanuka, ukilibonyeza linaingia, ukiliachia linarudi, ta-ta, kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Hapo ikaletwa gesi. Alichoma doa dogo, si kubwa kuliko sarafu, hadi likawa jekundu, akaligonga, kisha akalikandika kitambaa chenye maji. Moshi ukapanda, bati likajivuta. Doa jingine pembeni, vilevile. Baada ya hapo nilibonyeza kwa gumba langu, kimya, imekaza.

Chini penye kutu tulikata hadi tukafika kwenye chuma kizima, tukachomelea kiraka na kukisaga. Puti imetumika, sitasema haikutumika, lakini ni utando tu. Nilipita na sumaku iliyofungwa kitambaa fenda nzima. Inashika kila mahali, maana yake chuma kiko karibu chini ya rangi. Ukitaka kununua gari la zamani, tembea na sumaku kama hiyo mfukoni.

Taa

Kioo kimepatikana kwa mwenzetu wa Arusha mwenye 404 iliyokufa injini. Kakituma kwa basi, nimekipokea kituo cha Magufuli, Mbezi, kimeviringishwa kwenye kanga mbili. Kijana wa bajaji kakilipia. Ringi ameinyoosha Babu juu ya gogo la mti kwa nyundo ya mpira.

Rangi

Krimu ni rangi ya kuchosha. Jua la Dar limeshaibadili, hivyo kuchanganya kwa namba ya kiwandani kungetoa fenda mpya kwenye gari kuukuu. Mchanganyaji alianza na nyeupe, akatia njano, tone la nyeusi, tone la kahawia, akapaka kwenye vibati, tukasubiri vikauke, kwani ikiwa mbichi haisemi kweli. Vilivyofanana kivulini vilikataa juani. Cha tano kikakubali kote.

Tumepulizia asubuhi, jua likishakausha hewa, baada ya kufungua koki ya chini ya kompresa na kumwaga maji yaliyokusanyika tangini. Unyevu huu wetu wa pwani ukiingia kwenye rangi unaacha ukungu mweupe. Upande wa ndani wa fenda umepakwa rangi nyeusi ya lami, hata kama hakuna atakayeuona.

Jana

Fenda imerudi, boliti mpya, grisi kila moja. Mwanya wa mlango ulikuwa mpana juu, tukaongeza washa moja, ukalingana. Ncha ya bampa nimeiacha na kibonyeo chake. Kuinyoosha kungepasua kromu, na kromu nzuri kwa sasa siimudu.

Kilichobaki ni mwanga. Niliegesha mbele ya ukuta usiku, taa ya kulia imekaa sawa, ya kushoto inamulika juu ya mwembe wa jirani. Skrubu ya kuishusha imeshika kutu, nayo nimeilowesha dizeli.