Jinsi nilivyoisaidia familia ya wahamiaji kuhama nyumba ya hatari

Mama wa familia hiyo alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la jioni la lugha. Mara kwa mara alifika akilalamika kwamba yeye, mumewe na watoto wao watatu huamka vichwa vikiwauma na matumbo yakiwachafuka, lakini wakishakaa nje kwa saa moja au mbili hali hutulia. Watu wa nyumba moja wakiugua pamoja na kupata nafuu pamoja kila wanapotoka nje, ni lazima ishukiwe monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotokea moto unapowaka bila hewa ya kutosha, kwa sababu gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nilimwomba ruhusa ya kwenda kuiona nyumba siku hiyohiyo.

Vilikuwa vyumba viwili vya chini ya ardhi. Bomba la kutolea moshi wa hita ya gesi lilikuwa limechomoka, ukungu mweusi ulikuwa umepanda ukutani hadi kimo cha mtoto, na dirisha pekee la chumba cha watoto lilikuwa na nondo zisizofunguka, ilhali njia ya kutokea ilikuwa moja tu, tena ya kupitia jikoni. Tulizima hita, tukafungua milango, tukatoka wote nje na kupiga simu ya dharura. Mafundi wa gesi walipima hewa, wakaifunga hita na kuacha hati iliyoeleza walichokikuta. Familia ikapelekwa hospitali kupimwa damu. Wakati huo sikujua kwamba hati ile ya ukurasa mmoja ingekuja kuwa na uzito kuliko maneno yangu yote.

Kosa langu lilikuja kesho yake. Kwa hasira, na bila kuwauliza wenyewe, nilimwita mwenye nyumba, na kwa kuwa hatukuwa na mkalimani nikamwachia mtoto mkubwa, mwenye umri wa miaka 12, kazi ya kumtafsiria baba yake. Mwenye nyumba alitishia kuwaripoti kwa maofisa wa uhamiaji, lakini mtoto aliyaruka maneno hayo ili asimtie baba yake hofu, hata baba akaagana naye akiamini kwamba hita ingetengenezwa. Nilipomweleza ukweli baadaye aliniuliza, "Mwalimu, tukifukuzwa hapa, nani atatupokea?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sikuchukua hatua yoyote bila idhini yao, na mtoto hakutafsiri tena mazungumzo ya watu wazima.

Mwanasheria wa msaada wa bure, aliyekutana nasi pamoja na mkalimani, aliwatuliza kwanza kuhusu vibali vyao, kisha akawaonya wasiache kulipa kodi wala wasihame kimyakimya kabla ya notisi kuandikwa, maana mwenye nyumba angeligeuza jambo hilo kuwa silaha yake. Tatizo ni kwamba baba alikuwa akilipa taslimu bila kupewa risiti. Hata hivyo, kila mwezi alikuwa na desturi ya kumwandikia mwenye nyumba ujumbe mfupi wa simu kwamba ameleta kodi, naye alijibu "sawa". Tulizihifadhi jumbe hizo zote pamoja na picha zenye tarehe, cheti cha daktari na hati ya mafundi.

Kupata nyumba nyingine kulichukua wiki saba, muda ambao walihifadhiwa na jamaa wa mwanafunzi mwenzetu. Kila wakala alitaka mdhamini. Nilifikiria kudhamini mwenyewe, nikakataa, kwa kuwa nisingeweza kulibeba deni hilo kama lingeniangukia. Badala yake tulikusanya barua ya mwajiri, barua ya shule na uthibitisho wa mshahara. Nyumba ya kwanza tuliyokubaliwa niliipenda mno, ila mama aliupapasa ukuta uliopakwa rangi mpya upande mmoja tu, akanusa kiganja chake na kusema hapana. Nilinung'unika moyoni hadi nilipoinama na kuona unyevu chini ya ubao wa sakafuni.

Siku ya kuhama kutoka vile vyumba vya chini, magodoro yenye ukungu yaliachwa. Tulipiga picha kila chumba kikiwa kitupu, tukasoma mita ya umeme, na funguo zikakabidhiwa mbele ya shahidi aliyetia saini. Nusu ya amana ilirudishwa baada ya barua ya pili ya mwanasheria. Nusu iliyobaki bado inadaiwa, na barua ya tatu baba ameiandika mwenyewe. Mimi nilisahihisha tahajia tu.