Usukani umetulia, jamani

Nimeingia nyumbani sasa hivi, mikono bado ina grisi.

Mnaijua Peugeot 504 ya marehemu baba, ile nyeupe ya 1978, mwaka ambao 504 ilishinda Safari Rally kwa mara ya pili. Miezi mitatu sasa, kila nikishuka mteremko wa Mazeras na kukanyaga breki, usukani unanitetemekea mikononi.

Nimebalansi matairi mara mbili. Nimebadilisha pedi. Wapi!

Leo fundi mmoja mzee pale Changamwe akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ukiachia breki, mtetemo unabaki?"

Haubaki.

"Basi yaache matairi. Na ingekuwa nyuma, ungeusikia zaidi kwenye kiti. Hii ni diski ya breki ya mbele."

Akafunga saa ya kupimia, kile kifaa cha sindano kinachoonyesha diski inayumba kiasi gani, akaizungusha diski polepole kwa mkono. Sindano ikacheza robo milimita! Tukaitoa diski kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na hapo kati ya diski na habu palikuwa na gamba la kutu, jembamba kama ganda la kitunguu.

Kitu kidogo hivyo.

Akapiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akafunga, akapima tena. Sindano karibu haisogei.

Jioni nimeshuka Mazeras. Nikakanyaga breki. Shwari kabisa. Nikajikuta nimeshika usukani kwa wepesi, vidole tu, vile alivyokuwa akiushika baba. Machozi yakanilenga.

Wenye magari ya zamani, lenu lilitetemekea wapi, na mlikuta nini? Niambieni hapa.