Ghorofa ya Nne Haikuwa na Mtu

Kaka yangu alistaafu ualimu mwaka 2023, baada ya kufundisha hisabati kwenye shule za msingi za Kongwa na Mpwapwa tangu ujana wake. Jumamosi iliyopita alikuja kwangu Ilazo, hapa Dodoma, na basi la asubuhi. Aliketi barazani, vumbi la njiani bado liko kwenye viatu, na hakutaka hata maji mpaka kwanza anionyeshe habari aliyoihifadhi kwenye simu.

"Mdogo wangu, wewe ndiye mwenye kazi hizi za kuthamini majengo. Niambie, jengo moja linawezaje kuwa na bei mbili?"

Jengo lenyewe liko mbali na sisi. Linaitwa SKYY9 Centre, ni jengo la ofisi katika barabara ya Rama IX jijini Bangkok, Thailand. Lilinunuliwa kwa fedha za Ofisi ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo, kupitia mfuko wa uwekezaji, kwa karibu baht bilioni 7. Ofisi hiyo ndiyo bima ya wafanyakazi wao: ukiugua, ukijifungua, ukipata ulemavu, ukikosa kazi, ukizeeka au ukifa, hapo ndipo wewe au watu wako mnapokwenda. Mwaka 2025 mbunge mmoja kijana, Rukchanok Srinork wa chama cha People's Party, alihoji hadharani kwa nini fedha hizo zilipie jengo ambalo thamani yake, kwa hesabu alizozionyesha, ilikuwa kama baht bilioni 3. Waliolinunua walisema taratibu zilifuatwa. Wizara ya Kazi ikaunda kamati ya kuchunguza.

Kaka alikuwa amekwisha piga hesabu yake pembeni. Mfanyakazi wa Thailand alikuwa anakatwa asilimia 5 ya mshahara, lakini mshahara unaohesabiwa ulikuwa na kikomo cha baht 15,000, kwa hiyo hata mwenye mshahara mnono hakukatwa zaidi ya baht 750 kwa mwezi. Gawa bilioni 7 kwa 750. Unapata makato ya mwezi mzima ya watu zaidi ya milioni 9, na hao ni wale wanaokatwa kiwango cha juu kabisa. Alinionyesha namba hiyo kwenye kikokotoo cha simu, kidole kikiwa kinatetemeka kidogo. Yeye mwenyewe ameishi na neno kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya wastaafu, kwa miaka kadhaa: amechukua mkupuo wake wa asilimia 33 ya mafao, na sasa anasubiri ya mwezi kama wastaafu wenzake. Watu wa Bangkok hawajui kama yupo, lakini aliwaonea uchungu kama majirani.

Nilimjibu kwamba jengo linaweza kuwa na bei mbili bila mtu yeyote kudanganya. Nimefanya uthamini kwa miaka zaidi ya ishirini na hili ndilo jambo gumu kulieleza. Watu wanadhani thamani ya ghorofa imo kwenye saruji, nondo na vioo. Kwa jengo la ofisi thamani imo kwa wapangaji. Nikamchorea kwenye karatasi mfano wa kubuni. Chukua jengo la ghorofa kumi, kila moja ina mita za mraba 500 za kupangisha, kodi ni shilingi 20,000 kwa mita kwa mwezi. Likijaa linaingiza milioni 100 kwa mwezi, bilioni 1.2 kwa mwaka. Toa milioni 360 za ulinzi, lifti, usafi, jenereta na matengenezo, inabaki milioni 840. Mwekezaji anayetaka faida ya asilimia 8 kwa mwaka atalilipia bilioni 10.5, maana asilimia 8 ya bilioni 10.5 ndiyo hiyo milioni 840.

Sasa liwe nusu tupu. Mapato yanashuka hadi milioni 600. Gharama hazishuki kwa nusu, maana lifti ni ileile na mlinzi wa getini ni yuleyule. Tuseme zinakuwa milioni 300. Inabaki milioni 300, na kwa asilimia 8 ileile thamani ni bilioni 3.75. Kuta hazijabadilika hata rangi. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: wapo wapangaji wangapi?

Kwa hiyo mtu akitaka kulipandisha jengo bei, hahitaji kugushi hati. Anaandika tu kwamba litajaa. Anaandika kuwa likikarabatiwa kodi itapanda, kwamba eneo linakua, kwamba baada ya miaka mitatu ofisi zote zitakuwa zimechukuliwa. Kila sentensi inaweza kuwa kweli, na ukizijumlisha unapata bilioni ambazo hazipo. Sisemi ndivyo ilivyokuwa Bangkok, hilo ni la kamati yao. Nasema hapo ndipo ningeanza kuchungulia.

Kaka akaniuliza kama mimi nimewahi kukutana nayo. Sikuwa nimemsimulia.

Miaka kadhaa nyuma taasisi moja, sitaitaja wala mji wenyewe, ilitaka kununua jengo la ofisi kwa ajili ya kuwekeza, nikapewa kazi ya kulithamini. Karatasi ya muuzaji ilisema limepangishwa asilimia 90. Nilikwenda siku ya Jumanne saa nne asubuhi, wakati ambao ofisi yenye watu huwezi kuikosea: kuna viatu vinapita, kuna chai, kuna mtu anagombana na printa. Ghorofa ya kwanza na ya pili zilikuwa hai. Ya tatu nusu. Ya nne lifti ilifunguka kwenye giza.

Nikawasha tochi ya simu. Vitasa vya milango vilikuwa bado vimevishwa nailoni ya kiwandani. Ukutani kulikuwa na kalenda ya miaka miwili nyuma, imebaki kwenye mwezi wa tatu. Nikaenda chooni, kwa sababu choo hakina siri: maji ya kwenye bakuli yalikuwa yamekauka yote, yameacha duara la kahawia. Choo kinachotumika hakikauki. Kisha nikashuka kwenye chumba cha umeme na kupiga picha mita moja moja, nikarudi baada ya siku tatu kuzipiga tena. Mita nne kati ya kumi hazikuwa zimesogea hata uniti moja. Mzee mlinzi aliyenishikia taa alisema taratibu, "Mwanangu, huko juu hajapanda mtu tangu mvua za mwaka juzi."

Jioni ya siku hiyo nilipigiwa simu. Sauti ilikuwa ya adabu kabisa. "Mama, wakubwa wameshakubaliana kwenye namba fulani. Wewe tusaidie kuifikia." Kuifikia. Nililala na hilo neno. Ripoti yangu nikaipeleka na namba niliyoiona, picha za mita zikiwa nyuma yake. Sikuitwa tena na watu hao, na nililipwa baada ya miezi kumi na moja. Sikujua mwisho wa biashara yao. Bado huwa naikumbuka ile kalenda.

Kaka alinyamaza, halafu akasema jambo ambalo limenikaa. "Kwa hiyo yule mlinzi alijua thamani ya jengo kuliko bodi." Ndiyo. Na mwenye fedha, yule anayekatwa kila mwisho wa mwezi, hakujua hata kama jengo lipo.

Kuna kitu kimoja cha Thailand ambacho nilikiona ni kizuri na nilimsomea kaka mara mbili. Desemba 2023 wachangiaji wao walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao kwenye bodi ya mfuko, na kundi lililosimamia mageuzi likapata viti sita kati ya saba vya upande wa wafanyakazi. Siamini kura peke yake inazuia mtu kununua ghorofa tupu. Lakini mtu aliyechaguliwa na wakatwaji ana watu wa kumuuliza mitaani.

Sisi hapa Dodoma hatuko mbali na mambo haya. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kimejengwa kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya mifuko ya hifadhi ya jamii, na madeni yake yalirudi tena na tena kwenye ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Wanafunzi maelfu wamesoma pale, nami nafurahi kila nikipita na kuona yale majengo juu ya vilima. Ila michango ya mwalimu wa Kongwa iko ndani ya zile kuta, na alipaswa kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa. Kila Aprili ripoti za CAG zikifika bungeni hapa hapa mjini, tunasikiliza mabilioni yakitajwa redioni kama matokeo ya mpira, kisha tunaendelea na shughuli. Na sasa kuna sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023. Mama muuza zabibu na kijana wa bodaboda nao wanakuwa wachangiaji. Fedha zitakuwa nyingi zaidi, na fedha nyingi hutafuta majengo.

Nataka mfuko wowote wa umma unaponunua jengo ubandike hadharani kurasa chache tu: nani alithamini na nani alimlipa, mita za mraba ngapi zina wapangaji siku ya ukaguzi, mikataba yao inaisha lini, na bei ya mwisho ambayo jengo hilo liliuzwa. Hakuna siri ya nchi humo. Muuzaji anavijua vyote hivyo. Dalali anavijua. Kwa nini mwenye fedha awe wa mwisho?

Kaka alitoa kaunta buku kwenye mfuko wake wa rambo, akaandika maswali hayo, pamoja na la vyoo, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi moja moja. Alipofika kwenye la vyoo alisita, akaniuliza kama inafaa mtu mzima kusimama mbele ya wastaafu wenzake na kuuliza kama vyoo vya jengo vina maji.

"Inafaa, kaka," nikamwambia. "Lianze hilo."

Akaliandika juu kabisa, namba moja, akalipigia mstari kwa rula.