Nani Kalila Jani Hili?

Nilikuwa bado mwanafunzi mwalimu wangu aliponiwekea chini ya hadubini jani lililogeuka kisukuku. Lilitoka bonde la Bighorn, Wyoming, Marekani, kwenye miamba yenye umri wa miaka milioni 56 hivi. Nilidhani ataniuliza ni la mti gani. Badala yake aliishusha taa mpaka mwanga ukalipiga jiwe kwa ubavu, vijiinuko vyote vikajitokeza.

"Haya, mwanangu, nani kalila?"

Lilikuwa na matundu kadhaa ya mviringo. "Mwalimu, tutajuaje kama halikutoboka wakati linaoza?"

"Tundu liache kwanza. Tazama ukingo wake."

Ukingo ulizungukwa na utepe mweusi, mnene kidogo kuliko jani lenyewe. Lilikuwa kovu. Jani lililo hai likijeruhiwa hujenga tishu ngumu kuzunguka kidonda, na lililokwisha kufa haliwezi tena. Basi mdudu alilitafuna likiwa bado mtini.

Kisha akalisogeza jiwe kidogo, nikaona kitu ambacho sijakisahau hadi leo. Kando ya mshipa ilianzia njia nyembamba kama uzi. Ilijipinda, ikarudi, ikafuata mshipa mwingine, na kila ilipoendelea ilipanuka. Buu alianguliwa hapo kutoka kwenye yai, akaingia katikati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, akawa anakula huku anakua. Katikati ya njia kulikuwa na mstari wa vidoa vyeusi: kinyesi chake. Mwishoni njia ilitanuka ikawa chumba kidogo, kisha ikakoma. Mdudu mwenyewe hayupo popote kwenye jiwe, lakini utoto wake wote ulikuwa mbele ya macho yangu. Nilisisimka mwili mzima.

Mwalimu akanieleza kwa nini majani ya bonde lile yana thamani. Wakati majani hayo yalipoota, miaka milioni 56 hivi iliyopita, dunia ilipata joto kali kwa ghafla. Ellen Currano, mtafiti wa visukuku vya mimea, na wenzake walichunguza zaidi ya majani 5,000 ya huko, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo yao: joto lilipopanda, majani yaliyoliwa yaliongezeka, na namna za kuliwa pia. Hesabu kama hiyo inahitaji kila jani, zima na bovu. Wakusanyaji wengi wa zamani walipenda majani mazima yenye sura nzuri, yaliyotobolewa wakayaacha machimboni. Jambo hilo linaniuma kweli, maana hayo waliyoyatupa ndiyo yaliyobeba habari za wadudu.

Jioni ile alinikabidhi droo nzima ya majani pamoja na daftari. Nikaanza na lile lile la kwanza: matundu yenye kovu, ndiyo, njia ya buu, ndiyo, uvimbe unaosababishwa na wadudu, hakuna. La pili halikuwa na alama yoyote. Nalo nikaliandika.